Nilifunga Boneti Mapema

Kama umeambiwa leo kwamba una kifua kikuu, na umeshika kile kikaratasi hujui ukitie mfukoni au ukichane, ngoja kwanza. Kaa chini. Mimi sikukaa chini, ndiyo maana nayaandika haya. Naitwa Ramadhani, mtaani kwetu Buyenzi wananiita Fundi Rama, kazi yangu ni injini za dizeli, na tangu nizaliwe sijawahi kutulia mahali hadi chai ichemke. Hata sasa naandika mstari, nasimama, nazunguka meza, narudi. Mke wangu anasema naandika kwa miguu.

Kikohozi kilianza kiangazi. Nikasema ni vumbi. Kisha nikasema ni moshi wa dizeli. Kisha nikasema ni asidi ya betri. Fundi hakosi jina la kuipa kelele asiyoijua. Mkanda wa suruali yangu ulikuwa na matundu matano. Nikatoboa la sita kwa msumari, likaja la saba, likaja la nane, na bado nilikuwa nawaambia watu nimekonda kwa sababu ya joto. Siku nilipotema damu kwenye kitambaa cha kufutia mikono, nilikitazama nikajiambia hii ni oili ya gia, maana nayo ni nyekundu. Wallahi nilijiambia hivyo, mtu mzima na ndevu zangu.

Mwajuma, mke wangu, ndiye aliyekiona kitambaa kile. Alimweka mtoto mgongoni, akanishika mkono kama anayempeleka mtoto shule, tukaenda hospitali.

Sasa nikueleze benchi. Watu wa kikohozi wanakaa nje, chini ya bati, mbali na wengine, na kila anayepita langoni anajua maana ya benchi lile. Nilikaa dakika mbili nikasimama. Nikaenda mpaka ukutani, nikarudi. Nikauliza foleni imefika wapi. Nikaenda tena ukutani. Mama mmoja mwenye kitenge cha kijani akanichoka.

"We baba, kaa! Ukizunguka hivyo ndiyo utapona mbele yetu?"

Watu wakacheka, wakakohoa kwa kucheka, na mimi nikacheka nikakohoa. Nilimshukuru moyoni yule mama, maana nilikuwa karibu kutoka lango lile nikimbie.

Muganga, ndivyo tunavyomwita daktari au muuguzi, alisema igituntu, yaani kifua kikuu kwa Kirundi, kwa sauti ya chini. Akasema miezi sita ya vidonge, kila siku, bila kuruka hata siku moja. Nikamwuliza kama hakuna sindano moja ya kumaliza habari. Akaanza kuandika kadi yangu.

Nyumbani tuna chumba na sebule. Shakila, binti yetu wa pekee, alikuwa na mwaka mmoja na nusu, umri ule wa kumrukia baba mlangoni kabla hajavua viatu. Muganga alikuwa ameshauri wiki za mwanzo nilale mahali penye hewa, mbali na mtoto. Mama mkwe wangu hakungoja ushauri. Alifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe changu, akakiweka dirishani peke yake. Hakunitukana, hakunisema. Lakini kile kikombe kiliniuma kuliko kifua.

Na garajini je? Garaji zetu mchana unaletwa bugali, ugali wetu, na ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye sinia moja, mafundi wote mnakaa chini kulizunguka, mikono sita au saba humo ndani. Hakuna anayekuuliza dini wala kabila. Mkono wako ukiwa ndani ya sinia, we ni mtu wa garaji, basi. Siku ile habari zilikuwa zimenitangulia, mimi nilinawa kama kawaida, nikakunja mikono ya shati. Saidi, tuliyejifunza naye kazi tangu ujana, akanionyesha kibakuli juu ya tairi.

"Rama, yako iko pale. Apana kwa ubaya, ndugu yangu."

Nilikula nikiwa nimewapa mgongo. Ndagala nazipenda, lakini zile sikuzisikia ladha.

Nikaenda kwa dada yangu Zena, Gatumba, karibu na mpaka. Zena ni mjane, anavusha nyanya kwenda Uvira, ng'ambo ya pili, na kurudi na vitenge, mdomo wake mkali kuliko mpaka wenyewe. Mwaka ule maji yalikuwa yameingia Gatumba. Mto Rusizi ulikuwa umefurika, ziwa nalo limepanda, na watu wengi walikuwa wamehama. Nyumba ya dada ilisalimika kwa sababu iko kwenye mwinuko kidogo, lakini nyuma ya jiko lake ndipo maji yalipoanzia, yakaenda mpaka jicho linapochoka. Paa za majirani zilikuwa zinaonekana juu yake.

Kila asubuhi nilikwenda kwenye kituo cha afya kumeza vidonge mbele ya muganga, mama mmoja mnene mpole anayeitwa Esperansi. Na kila asubuhi nilikuwa na malalamiko. Vidonge vikubwa. Tumbo linachafuka. Magoti yanauma. Mkojo umekuwa mwekundu. Mke wangu haleti habari. Mama mkwe wangu ana uzi. Siku ya tisa au ya kumi Esperansi akaweka kalamu chini.

"Baba, mi iko na watu nje mpaka kwa barabara. Hayo yote kaandike. Nunua kaye, nunua biki, andika. Ijumaa utanisomea."

"Niandike nini, mama muganga? Mi ni mutu wa spana."

"Andika unachoona. Kama hauoni kitu, andika maji. Maji haikimbii."

Nilinunua daftari la shule, la kurasa arubaini na nane, kwa hasira. Nikachomeka fimbo pale maji yanapoishia, nikaipiga alama kwa kisu, na kila nikitoka kumeza dawa naenda kuisoma kama ninavyosoma kijiti cha kupimia oili. Kurasa za kwanza ziko hivi, sizibadilishi:

"Jumatatu. Maji yamepanda vidole viwili. Nimetapika. Ndege weupe watatu.

Jumanne. Maji pale pale. Nimechoka na maji. Nimechoka na Zena.

Jumatano. Kiboko ametoa kichwa karibu na ile nyumba ya bati jipya. Ameangalia, amerudi. Na yeye hana pa kwenda.

Alhamisi. Ndege weupe sita. Sikuhesabu vizuri, nilisimama wakaruka."

Unaona tatizo. Nilikuwa siwezi kuandika bila kusimama, na nikisimama ninachokiandika kinaondoka. Ilibidi nijifunze kukaa, si kwa hekima, kwa sababu ya ndege tu. Baada ya wiki mbili niliwahi kukaa mpaka yangeyange mmoja akapita karibu na mguu wangu akitafuta vidudu. Niliandika kwa herufi kubwa: NIMEKAA. Ijumaa nikamsomea Esperansi, akapiga makofi mbele ya foleni nzima.

Basi kidogo kidogo nikaanza kuandika mengine. Niliandika kwamba naogopa kufa. Sikuwahi kumwambia mtu. Niliandika kwamba kile kikombe kinaniuma kwa sababu mama mkwe alikuwa na haki. Niliandika kwamba Shakila atanisahau. Maandishi yalikuwa mabaya, makosa tele, lakini nikifunga daftari kifua kilikuwa chepesi, na sizungumzii mapafu.

Miezi miwili ikaisha. Kikohozi kikanyamaza. Nikanenepa nikarudi tundu la tano. Vipimo vikatoka vizuri, Esperansi akanipa vidonge vya kubeba, pamoja na kadi ya kutia alama mwenyewe kila siku, akanikamata mkono.

"Imebaki miezi ine. Usinidanganye, Ramadhani."

"Mama muganga, mi nikudanganye?"

Nikarudi Buyenzi. Shakila hakunisahau. Alinitazama, akamtazama mama yake, kisha akaja mbio, na mimi nikambeba nikazunguka naye nyumba nzima nikilia bila aibu.

Sasa sikiliza kosa langu, maana ndilo lililonikalisha hapa. Fundi akiletewa gari linalogonga, anafungua, anatengeneza, anawasha, anasikiliza. Kelele ikiisha, boneti inafungwa na mwenye gari anaitwa. Hiyo ndiyo kazi yetu. Mimi nilikuwa sigongi tena. Halafu vile vidonge vilikuwa vinanichafua tumbo asubuhi yote, na Saidi alikuwa ameniambia, "Ukimaliza dawa, njo kwa sinia." Akaniuliza siku moja, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Kulikuwa na vidonge vya miezi mitatu mfukoni mwa ovaroli yangu. Nikanawa, nikakaa chini, mkono ukaingia ndani ya sinia.

Siku hiyo niliruka. Kesho yake niliruka. Baada ya hapo sikuwa naruka tena, nilikuwa nimeacha. Lakini kadi nilikuwa naitia alama kila jioni mbele ya Mwajuma, kwa biki ile ile, na yeye anasema alhamdulillahi.

Siku moja ya mapumziko nikaenda kumsalimia Zena. Maji yalikuwa yameondoka. Fimbo yangu imesimama peke yake kwenye udongo uliokauka na kupasuka. Watu walikuwa wamerudi, na jirani mmoja, mwalimu Laurenti, alikuwa ameshapaka ukuta wake rangi ya bluu, ameweka pazia, mke wake anapika. Nilikaa na daftari langu kivulini, naandika bluu ile. Jua kali, hakuna tone la mvua. Nikasikia kishindo, nikainua macho, ukuta wote wa mbele uko chini.

Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Mke wa Laurenti alikuwa jikoni nyuma. Laurenti alisimama katikati ya vumbi la bluu, mikono kichwani.

"Yebaba we! Maji ilikuwa imetoka! Mi niliona kwa macho yangu imetoka!"

Zena akaniambia si ukuta wa kwanza. Gatumba nyumba nyingi zilisimama maji yakiwa ndani, zikaanguka baada ya maji kutoka, watu wamesharudi na magodoro yao. Juu pamekauka, chini tofali bado ni tope. Nikasikia baridi kwenye jua lile. Nikaandika, na mkono ulikuwa unaniandikia wenyewe: "Rama, una siku thelathini na mbili hujameza. Ukuta wako umeupaka rangi. Na ndani amelala Shakila."

Ungefikiri mtu akishaandika hivyo anakimbia kwa muganga. Mimi nilifunga daftari nikalisukuma ndani ya shati. Nikameza siku mbili, tatu. Kisha lori likaingia garajini, kazi ikawa nyingi, nikasahau, au nikajisahaulisha. Wanaosema kuandika kunaponya, wasikudanganye. Kuandika kunakuonyesha tu. Ukishaona, mwili bado ni wa kwako kuusogeza.

Kikohozi changu kilirudi kwanza. Cha Shakila kikafuata, kidogo, kavu, cha asubuhi. Akaanza kusukuma uji. Mashavu yakaingia. Mwajuma akasema meno yanaota. Nikasema ndiyo, meno. Nikatoka nje nikazunguka mtaa mzima, garaji hadi garaji, watu wananiita Fundi, napita.

Tulikaa tena kwenye lile benchi chini ya bati, safari hii mtoto akiwa kwenye paja la Mwajuma. Tukaingia. Daktari alikuwa kijana mwenye miwani. Akamsikiliza Shakila kifua na mgongo, akampapasa shingo, akageuka kwangu.

"Baba, na we dawa yako unameza vizuri?"

Nikampa kadi. Imejaa alama, safi kabisa. Kabla sijafungua mdomo Mwajuma akasema, "Dokta, mi mwenyewe nashuhudia. Mume wangu hajakosa hata siku moja. Kila jioni anaandika mbele yangu."

"Basi vizuri sana," daktari akasema. "Maana baba akiacha dawa, ugonjwa unaweza kuzizoea, na mutoto nayo tungemupa zile zile zisifanye kazi. Kama hakuacha, tunaanza leo."

Akachukua kalamu.

Niliinuka nikatoka. Sikusema nakwenda wapi. Nilifika langoni, na miguu yangu, hii miguu isiyotulia, ilikuwa imeshapanga safari: Gatumba, mpaka, Uvira, na kwingine mbele huko nisikojulikana. Nilihesabu pikipiki zilizosimama nje. Haki ya Mungu nilikuwa nimeshamwita dereva mmoja. Akaniuliza, "Tunaenda wapi, mzee?" Nikagusa kifua. Daftari lilikuwa ndani ya shati, limeniganda kwa jasho. Nikarudi.

Nilijua nikijaribu kusema kwa mdomo nitapamba, maana mdomo wangu naujua. Nikalifungua pale pale, nimesimama, nikasoma. Nilisoma ukuta wa bluu. Nilisoma vumbi, Laurenti na mikono kichwani. Nikafika kwenye siku thelathini na mbili, nikazisoma, nikataka kufunga daftari.

Shakila alikuwa anavuta kifungo cha mama yake.

"Endelea," akasema Mwajuma.

"Mama Shakila..."

"Nimesema endelea."

Nikasoma iliyobaki, kurasa mbili nilizoandika baadaye, siku nilizomeza na siku ambazo sikumeza, sinia, mfuko wa ovaroli, alama za uongo. Nilipomaliza, Mwajuma alimhamisha mtoto kutoka bega la upande wangu akampeleka bega la pili. Hakunitazama. Alimwambia daktari, "Andika hayo aliyosoma. Ile kadi itupe."

Wakachukua makohozi yangu, wakamchukua mtoto maji ya tumboni kwa mpira wa puani, maana mdogo hajui kutema makohozi. Alilia hadi sauti ikakatika, na mimi ndiye niliyemshika mikono. Majibu yangechukua wiki kadhaa. Mwajuma akafungasha, akaenda na mtoto kwa mama yake. Aliniachia neno moja tu: "Kama dawa imekataa kwa mutoto wangu, Ramadhani, usije."

Kungojea kule simtakii hata adui. Nililala tena kwa Zena, mchana nikawa namsaidia Laurenti kuchimba msingi upya. Nilitaka tujenge haraka, siku tatu, nne, kwisha. Mwalimu akakataa. Kila asubuhi alikuwa anaingiza kidole gumba ndani ya shimo, kina kirefu, anakitoa, ananionyesha. Bado. Kesho bado. Nilimkasirikia, nikatupa jembe, nikatembea mpaka ziwani, nikarudi, nikaokota jembe. Tope lililoachwa na mto lilikuwa tayari limeota mboga ya lengalenga bila kupandwa, wanawake wanachuma. Nikaandika yote: kidole, bado, lengalenga, bado, Shakila, bado. Jioni nikisoma nilichoandika nilijikuta nimemwomba Mungu bila kujua.

Majibu yalikuja. Dawa zilikuwa bado zinafanya kazi, kwangu na kwa mtoto. Nilikaa chini sakafuni pale pale kwa muganga, watu wakadhani nimezirai. Lakini ilibidi nianze kutoka sifuri, na yeye aanze.

Mwajuma hakurudi mara moja, na sikumlaumu. Alitoa sharti: nikimeza, nimeze mbele ya mama yake. Kila asubuhi nilitembea kwa miguu mpaka kwa mama mkwe, nikasimama mlangoni, nikatia vidonge mdomoni. Yule mama na miwani yake akanisogelea.

"Fungua mudomo. Inua ulimi. Upande ule. Haya, nenda kwa kazi."

Wiki ya pili Shakila, akishapewa dawa yake, akaja akasimama kando yangu, akafungua mdomo mpaka mwisho na kutoa ulimi, anangoja kukaguliwa. Bibi akajikaza, akashindwa, akacheka. Mwajuma alikuwa ndani, na nilimsikia naye anacheka, ingawa aliziba mdomo. Nilikwenda kazini nikiimba. Saidi nilimweleza ukweli wote, nikachukua kibakuli changu nikakaa juu ya tairi, sikumpa mtu mgongo.

Mvua zikaja, zikaenda. Mtoto akaanza kudai uji kwa kugonga kijiko. Siku daktari aliposema amepona, na mimi vipimo vyangu ni safi, tulitembea kurudi Buyenzi sote watatu, Shakila kati yetu, anatuning'inia mikononi. Mwajuma alikuwa amesharudi nyumbani wakati huo. Tulikuwa tumefika karibu na mlango ndipo akasema.

"Akikua atauliza ile ugonjwa ilitoka wapi. Mi sitamwambia. Mama yangu pia nimemukataza. Utamwambia we."

Nikasema nitamwambia. Akasema, "Lini? We hukai."

Basi nimekaa. Msomaji, kama una vidonge mkononi, vimeze, hata siku ukijisikia mzima kabisa, siku hiyo ndiyo hasa. Haya mengine si yako.

Shakila mwanangu, ulipokuwa unakaribia miaka miwili uliumwa kifua. Watakuambia ni mapenzi ya Mungu, na watakuambia kwa nia njema. Mungu hakuhusika. Uliupata kwa baba yako. Dawa nilikuwa nazo, nikaacha kuzimeza, na kila siku nilipofika mlangoni ulinikimbilia, nikakubeba.